Kijiti cha Gari la Mwisho

Jioni ile Bi Simama alikuwa na haja moja tu duniani: kijiti kifike, afungulie foleni yake ya mwisho, akirudishe kibao stoo, avue yale mabuti yaliyokuwa yakimtafuna vidole tangu asubuhi. Kulia alikuwa ameshamaliza kulia, miezi mingi nyuma, na hakuwa na mpango wa kuanza tena.

Jina la Bi Simama alipewa na madereva kwa sababu ya kibao. Kilikuwa cha duara, kimepigiliwa kwenye mti mrefu kumshinda yeye. Upande mwekundu umeandikwa SIMAMA, upande wa kijani NENDA. Utasema kazi ya kugeuza kibao hata mbuzi angefundishwa angeiweza. Kweli, angeiweza. Ila mbuzi hatukaniwi mama yake na mtu aliyekaa kwenye kiti laini.

Barabara kuu ya nchi, ile inayobeba mafuta na unga na wagonjwa na maharusi, ikifika kwenye kona ya mlima ilikuwa inabaki nusu. Nusu nyingine ililiwa na mvua. Udongo wa chini ulilegea, lami ikaning'inia kama mdomo wa mzee asiye na meno, kisha ikaenda zake bondeni. Wakubwa wa barabara wakaja, wakapiga picha wakiwa wamesimama mbali na ukingo, wakaamuru magari yapite kwenye nusu iliyobaki, upande mmoja kwa zamu, mpaka matengenezo yawe tayari. Hayo matengenezo yalikuwa kama mchumba wa maneno matamu. Kila ukimuuliza, posa inaletwa mwezi ujao.

Bi Simama alisimama chini ya kona. Juu ya kona alisimama wifi yake, na kibao kama chake. Hawakuonana, mwamba ulikuwa katikati yao. Simu hazikushika mtandao pale, na redio za mkononi walizopewa zilikufa betri kabla hazijazoea sauti zao. Kwa hiyo walitumia kijiti.

Kijiti ni kijiti, hakina ufundi. Urefu wa mkono, kimefungwa kitambaa kichwani. Mwenye kibao akishapitisha magari yake, humpa kijiti dereva wa gari la mwisho. Dereva akifika upande wa pili humkabidhi mwenye kibao wa kule. Kijiti kikifika, maana yake njia ni tupu, hakuna aliyebaki nyuma, na zamu imehamia kwako. Sasa wewe ndiye wa kupita. Kisipofika, hata aje mkubwa na ving'ora vyake, anangoja kama mwuza vitunguu.

Aliyewafundisha hayo wote wawili alikuwa mtu mmoja. Kwa huyu alikuwa mume, kwa yule kaka. Aliendesha greda, na watu wakamwita Greda, na jina lilimkaa, maana alikuwa mpana, mpole, na akianza kwenda hageuki. Ni yeye aliyewaombea kazi. Kijiti cha kwanza alikichonga mwenyewe, na kitambaa chake alikikata kwenye pindo la gauni jekundu la mkewe, bila kuomba. Waligombana juu ya gauni lile mpaka majirani wakazima redio wasikilize vizuri.

"Mtu atakudanganya," Greda alizoea kusema. "Kijiti hakidanganyi. Kimefika, au hakijafika."

Chini ya kona lilipita kalavati, lile bomba kubwa la saruji la kupitishia maji ya mlimani. Lilikuwa limeziba. Greda alilisema. Akamwambia msimamizi wao, ambaye kwa mgongo wake walimwita Nyapara; Nyapara akawaambia wakubwa; wakubwa wakasema jambo hilo limepokelewa. Likapokelewa kweli, likakaa huko huko lilikopokelewa. Maji nayo hayana adabu ya kungoja kikao. Yakaanza kutafuta njia yao chini ya lami.

Alikufa siku ya ukungu. Alikuwa gari la mwisho kutoka chini, amesukuma kifusi tangu alfajiri. Bi Simama akamnyooshea kijiti dirishani, akamtania asikidondoshe, gauni lake hilo. Kisha akageuza kibao kwa mkono wake mwenyewe. Kijani. Greda likaingia konani, likamezwa na ukungu. Juu, wifi akangoja kijiti. Akangoja. Walichosikia, huyu chini na yule juu, ni king'ora cha greda linaporudi nyuma.

Ti... ti... ti...

Kikakatika.

Ukingo ulikuwa umemeguka. Mwili ulipatikana, ukazikwa. Greda likaachwa bondeni, magurudumu yakitazama mbingu, betri imeng'olewa na wajanja kabla ya matanga kuisha. Kijiti hakikuonekana.

Kwenye matanga wifi alisimama mbele ya watu. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, na watu wakalibeba wakaenda nalo makwao.

"Wewe ndiye uliyemgeuzia kijani."

Tangu hapo hawakusemeshana. Nyapara akachonga kijiti kipya, akakifunga utepe wa bluu wa gunia, akawarudisha kila mtu mahali pake, akisema majonzi yao anayaheshimu lakini magari hayana majonzi. Wakarudi. Watoto walitaka kula. Mapipa ya alama yakasogezwa ndani, njia ikapungua upana wa godoro, na zile familia mbili zikawa zinaongea kwa kijiti peke yake. Kinapanda, kinashuka. Salamu hakuna.

Hapo ndipo wifi alipofanya kosa lake. Huko juu palikuwa na kibanda cha chai, na kwenye kibanda cha chai mdomo hauna breki. Akasema kwamba wifi yake hukinong'oneza kijiti kabla ya kukitoa. Siku nyingine akasema hukitemea mate. Huenda alitaka tu kuonewa huruma, huenda uchungu ulikuwa unatafuta pa kutokea, ukatokea mdomoni kama kwa wengi wetu. Lakini madereva ni watu wa kubeba mizigo. Wakaubeba na huo. Wakaanza kupokea kijiti kwa tambara. Wengine wakasema kitupwe nyuma kwenye mizigo. Mmoja akaapa kwamba kilikuwa kizito kuliko kijiti, na kwamba usukani ulimvuta kuelekea bondeni njia nzima. Bi Simama aliyasikia yote. Alinyamaza. Mwanamke akiitwa mchawi, akijitetea amekiri, akinyamaza amekiri. Bora yule wa pili, hachoki koo.

Basi, jioni ile.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu mchana, si kubwa, ile ya kunung'unika kama mgonjwa. Foleni ya chini ilikuwa ndefu. Mbele kabisa basi limejaa watu wanaorudi makwao, nyuma yake malori, nyuma zaidi tanki la mafuta. Magari ya kutoka juu yakateremka moja moja, taa zimewashwa, matope mpaka vioo. La mwisho likawa lori la mkaa.

Lori halikupunguza mwendo.

Bi Simama akanyoosha mkono wa kupokea. Dereva akakaza macho mbele, akampita, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Uchawi wenu baki nao! Mimi nina watoto!"

Akaenda. Bi Simama akaelewa mara moja. Dereva alikuwa amekataa kijiti mkononi mwa wifi. Maneno yaliyopikwa juu yamemrudia mpishi.

Kwa kawaida wifi angekipa gari jingine. Lakini saa zile hakuna gari la kuteremka; kila mtu anapanda kwenda nyumbani. Na Greda aliwafundisha hilo pia, kwamba kijiti kikikosa gari, kitafute miguu. Wifi angelazimika kukileta mwenyewe. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu usichana, na njia ilikuwa matope. Bi Simama akaegemea mti wa kibao, akangoja. Moyoni, asingizie nani, alifurahi kidogo. Acha atembee, alijisemea. Acha mvua imwoshe ule mdomo.

Kondakta wa basi akashuka. Alikuwa kijana wa maneno, kofia imepinda, funguo zinacheza kidoleni.

"Mama mkubwa, lori lile si ndilo la mwisho? Tumeliona kwa macho yetu. Tufungulie."

"Kijiti hakijafika."

"Kijiti!" Akawageukia abiria waliotoa vichwa madirishani. Aliwaambia wasikie wenyewe, barabara ya serikali inaongozwa na kuni. Wakacheka. Akarudi kwake kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, kwamba ndani mna mgonjwa.

"Kila basi likifika kwangu lina mgonjwa," Bi Simama akamjibu. "Mkishavuka anapona."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka kondakta. Dereva wa basi hakucheka. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo lililokaa juu ya usukani kama mzigo wa mtu mwingine. Akapiga honi, akaishikilia. Nyuma malori yakaitikia, na mlima wote ukalia.

Zilipokoma, kukawa kimya.

Ndipo aliposikia maji. Hayakuwa ya mvua. Yalikuwa chini ya mabuti yake, chini ya lami, mahali ambapo maji hayana kazi. Glu... Yakapumzika. Glu... Kama mtu anayekunywa gizani asitake kusikika.

Kisha konani:

Ti... ti... ti...

Nywele zake zikasimama chini ya kofia. Akageuka kutazama nyuma. Kondakta alikuwa anajipangusa uso, abiria wanapiga soga. Hakuna aliyesikia, au wote walisikia na wakaona ni jambo la kawaida, lori linarudi nyuma mahali fulani. Akajiambia ni lori.

Harufu ikaja. Lami ya moto. Lami iliyochemshwa sasa hivi, na dizeli, na jasho la mtu aliyeshinda juani. Pua haikosei harufu iliyolala nayo miaka yote ile. Na kwenye barabara ile hakuna aliyekuwa amechemsha lami tangu mvua za mwaka uliopita.

Mtu akatokea konani.

Alivaa kizibao cha reflekta kama vizibao vyote vya kazi, kimejaa udongo. Alitembea polepole, kichwa ameinamisha, bila kukwepa madimbwi. Mwanga wa jioni ulikuwa umebaki kidogo, na Bi Simama akadhani macho yanamchezea, maana mtu yule hakupita kati ya mwamba na mapipa kama wanavyopita watu. Alipita nje ya mapipa.

Alikanyaga upande ambao barabara haikuwepo.

Akafika. Akasimama karibu, karibu kama wanavyosimama watu wa nyumba moja. Bi Simama hakuinua macho. Macho yenyewe yalikataa. Aliona mabuti. Kamba ya buti la kulia imefungwa kwa waya, kama alivyoifunga mtu mmoja asubuhi moja akisema atanunua kamba akirudi. Aliona mkono ukinyoosha kijiti.

Akakipokea. Ungefanya nini? Miaka yote kazi yake ilikuwa kupokea.

Kilikuwa baridi, kizito kwa maji. Kitambaa chake hakikuwa cha bluu. Kilikuwa chekundu, kimefifia, na pindo lake lilishonwa kwa uzi wa kijani. Uzi wa kijani, kwa sababu siku aliyoshona gauni lile uzi mwekundu ulikuwa umemwishia na yeye hakuwa mtu wa kungoja.

Sauti ikaja, ya kunong'ona, na ndani yake mchanga.

"Usifungue."

Mvua. Glu...

"Mdogo wangu yuko njiani."

Alipopata nguvu ya kuinua macho, mbele yake palikuwa na mvua tu. Harufu ilibaki kidogo, kama inavyobaki kwenye shati, kisha nayo ikaondoka.

"Hicho hapo!" Kondakta alikuwa ameshaona. "Kijiti kimefika, jamani, twende!"

Abiria wakashangilia. Injini ya basi ikanguruma. Na walikuwa na haki. Kanuni ilikuwa yao. Kijiti kimefika, njia ni tupu, zamu ni yenu. Hakuna mtu barabarani kote angeweza kumlaumu kama angekigeuza kibao wakati ule. Wala yeye mwenyewe.

Akafikiri haraka, naye hakuwa mtu wa kufikiri haraka. Wifi yuko njiani, kwenye njia ya upana wa gari moja, na goti bovu, gizani. Basi likipanda, wapishane wapi? Akakimbie kumfuata amlete? Lakini akiacha kibao tu, yule mwenye tumbo atakanyaga mafuta, na basi litamkuta wifi kabla ya yeye kumfikia. Akibaki, wifi atembee peke yake na yale maji yanayokunywa chini. Wa kukimbia na wa kusimama ni yeye mmoja, na jina lake watu walishamchagulia.

Akabaki. Akaenda mbele ya basi, akachomeka mti wa kibao matopeni, uso mwekundu ukatazama kioo.

Kondakta akamfuata, sasa amekasirika, akimwuliza anataka nini tena, kijiti si anacho mkononi. Na hapo Bi Simama angeweza kudanganya. Angeweza kusema kimevunjika, kimekosewa, lolote. Lakini hakuwahi kudanganya juu ya kijiti, na uongo unataka mazoezi.

"Aliyeniletea kijiti hiki," alisema, "nilimzika."

Funguo zikaacha kucheza kidoleni. Kondakta akakitazama kile kitambaa chekundu, akarudi nyuma hatua moja, akaendelea kurudi. Dirishani mama mmoja akamvuta mtoto wake ndani. Bi Simama aliona neno lile likitembea ndani ya basi, kiti kwa kiti, kama moto kwenye majani makavu, na akajua kwamba kuanzia jioni ile hana jina jingine.

Dereva hakutaka kujua. Akasogeza basi mpaka bampa ikagusa mti wa kibao. Akamwambia mama atoke, kwa lugha ambayo haiandikiki. Upepo wa mlimani ukashuka, ule unaong'oa mabati, ukakikamata kibao. Bi Simama akakaza mikono. Na ajabu, kibao hakikumvuta. Kilisimama imara, chepesi mkononi mwake, kana kwamba mti ulikuwa umeota mizizi.

Ndipo taa ikatokea konani.

Ilikuwa tochi ndogo. Ilikuwa inayumba, juu, chini, juu, chini, kwa mwendo wa mtu anayechechemea. Abiria wa mbele wakaiona. Dereva akaiona, akaondoa mguu. Kama angekuwa amepita, angekuwa yuko pale pale sasa, na mwanamke yule chini ya magurudumu yake.

Wifi naye akaiona foleni, taa za basi, kibao chekundu kikimngoja. Akainua kijiti chenye utepe wa bluu juu ya kichwa chake, kionekane. Na miezi yote ile ya kununa, ya kupishana dukani kama vipofu, ikamtoka kwa mara moja.

"Wifi! Ningoje!"

Bi Simama akafungua mdomo amwitikie.

Glu.

Haikuwa kishindo. Watu waliosimulia baadaye walisema kishindo, lakini waliosimulia wengi walikuwa wamefumba macho. Barabara ilishuka kimya, kama mtu aliyechoka anavyoketi. Mapipa yakainamiana. Lami ikapinda, ikachanika, na chini yake hapakuwa na kitu, palikuwa na tumbo tupu lililochimbwa na maji. Tochi ikaenda pembeni.

Haikuzimika. Ilikwenda chini ikiwaka, mpaka ikawa ndogo kama kimulimuli, na Bi Simama akaitazama muda wote, kwa sababu ilikuwa haina mtu mwingine wa kuitazama.

Dereva wa basi akazima injini. Kondakta akaketi matopeni na kofia yake. Kwenye basi kuna mtu alianza kulia, kwa adabu, kwenye kiganja.

Wifi alipatikana asubuhi, si mbali na lile greda. Kijiti cha bluu kilikuwa mkononi mwake, na vidole havikukubali kukiachia. Wanaume wakajaribu. Nyapara akasema mwacheni nacho. Wakamzika nacho.

Maelezo yalikuwepo, maelezo hayakosekani. Nyapara alimweleza Bi Simama kwa upole, akiwa ameshika kofia. Kijiti cha zamani kilifukuliwa na mvua pale ukingoni. Mpita njia fulani akakiokota, akaona ni cha kazi, akamletea mwenye kazi, akaenda zake kwa njia ya mkato. Vizibao vya reflekta siku hizi viko kila mahali, hata masanamu ya kufukuza ndege shambani yamevaa. Na ule mlio, si lile tanki la mafuta lilikuwa linarudi nyuma kwenye foleni? Dereva wake alikiri. Yote yaliingia akilini. Bi Simama akamwuliza kuhusu harufu ya lami. Nyapara akapenga kamasi, akasema poleni sana.

Watu wa basi walikuja kushukuru. Walileta sabuni, sukari, na maneno mazuri. Lakini shukrani ni kama maziwa, ukiiweka siku mbili inachacha. Wakaanza kuulizana alijuaje. Mtu wa kawaida angejuaje? Alianza na mume, amemaliza na wifi, na basi zima alilibakiza ili lipeleke habari. Watoto wakakatazwa kupita mlangoni kwake. Jioni moja jiwe likaanguka juu ya bati, likafuatwa na wenzake.

Hawakwenda kulipiga mawe kalavati. Wakubwa walipokuja mara hii walikuja na mitambo, maana barabara kuu imekatika na nchi haina mafuta. Wakachimba, wakalifungua. Ndani mlikuwa na mchanga, magogo, matairi mawili na godoro la mtu. Hilo ndilo lililokula kaka na dada. Lilikuwa likila mchana kweupe na kila aliyelipita alilijua. Lakini kalavati halina bati la kupigwa mawe, wala halina uso wa kutemewa. Mjane anavyo vyote viwili.

Siku moja kondakta akaja peke yake. Kofia haikupinda. Alikaa ukingoni mwa kiti, akanywa maji aliyopewa, akasema amekuja kuuliza jambo moja tu kisha ataondoka.

"Yule mwenzako wa siku ile. Alinusurika?"

"Mwenzangu yupi?"

"Aliyekuwa nyuma yako. Ameshika mti wa kibao pamoja nawe, upepo ulipokuja." Akaweka bilauri chini. "Mtu mpana."

Bi Simama akamwambia amalize maji yake arudi kwao kabla mvua haijaanza. Akamsindikiza mpaka nje kama mgeni yeyote. Kisha akafunga mlango, akaketi sakafuni, akagundua kwamba kule kulia alikodhani amekumaliza alikuwa hajafika hata katikati.

Barabara sasa ni nzuri. Ukuta wa zege umejengwa, mitaro imesakafiwa, magari yanapishana konani yakipigiana honi za furaha, na wengi wanaopita hawajui kwamba pale pamewahi kuwa na mtu wa kuwaambia wangoje. Vibao havihitajiki tena. Nyapara alimwachia kile chake, kwa kuwa stoo hawakukitaka. Alimpa pia kazi nyingine, ya kuzibua mitaro ya kona ile, na hapana mtaro nchini unaozibuliwa vile. Anauzibua kama anamtafuta mtu.

Kijiti chekundu anacho, kimesimama nyuma ya mlango. Binti yake amemwomba akichome. Hachomi. Kutupa hawezi, kwa sababu kijiti kikipotea walio upande wa pili watajuaje kama njia ni tupu? Na kukaa nacho anajua maana yake. Alifundishwa vizuri, na aliyemfundisha ndiye aliyekileta. Kijiti kikifika mkononi mwako, zamu imehamia kwako. Sasa wewe ndiye wa kupita. Na kule juu ya kona kuna mtu aliyeomba angojwe, ambaye sasa ndiye anayengoja.

Kwa hiyo kibao amekipigilia ukutani, nje, kando ya mlango, kwa msumari mmoja mrefu. Uso mwekundu unatazama njiani. Binti analalamika kwamba nyumba imekuwa kama penye matengenezo, watu wanacheka. Bi Simama anasema wacheke. Binti bado hajaolewa, mjukuu bado ananyonya, na yeye ana mitaro ya kuzibua. Bado. SIMAMA.

Juzi mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi alifungua mlango kwenda kuchota maji, akapokewa na harufu ya lami ya moto. Akatazama ukutani.

Kibao kilikuwa kimegeuka. NENDA.

Upepo, alisema, kwa sauti, ili nyumba isikie. Akaugusa msumari. Ulikuwa umekaza vile vile alivyoupigilia.

Akakigeuza. Lakini hakuharakisha.